The Others (2001): muvi ya mizimu ambayo mwanga ndo unatisha

Naanza na maksi kabisa tusizungushane: nane na nusu kwa kumi. Hii muvi ina zaidi ya miaka 20 sasa, haina damu ya maana, hamna mtu anayetambaa darini kichwa chini, Uingereza waliipa daraja la 12 yaani hata mtoto wa sekondari ruksa, na bado inazipiga bao nyingi za siku hizi ambazo zinamwaga damu ndoo kwa ndoo alafu ikiisha tu unalala fofofo kama hujaona kitu. Nimeirudia hivi karibuni nikiwa na swali moja kichwani, lile ambalo wapenzi wa muvi za kutisha huwa tunabishania mpaka usiku, kwamba kwanini mzimu mmoja unakufanya uogope hata kwenda chooni na mwingine unakufanya ucheke wakati wote wawili ni wazungu waliopakwa poda? Jibu langu ni hili na humu ndani ntalizunguka mpaka mnichoke: mzimu unatisha pale unapovunja sheria ambayo we mtazamaji umeshaizoea. Nyumba isiyo na sheria haina cha kuvunjwa, na hapo hata ukileta mizimu kumi na tano hamna kitu, ni kelele tu.

Stori yenyewe fupi. Mwaka 1945, vita kuu ya pili ndo imetoka kuisha, tuko Jersey, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa ambacho Wajerumani walikikalia kipindi cha vita. Kuna mama anaitwa Grace, ndo Nicole Kidman huyo, anaishi kwenye jumba kubwa lililozingirwa na ukungu pamoja na watoto wake wawili, Anne na mdogo wake Nicholas. Mume alienda vitani na hajarudi. Watumishi waliokuwepo wameondoka bila kuaga. Siku moja wanabisha hodi watu watatu, Bi Mills, mzee Tuttle na binti anaitwa Lydia ambaye haongei kabisa, wanasema wanatafuta kazi, na Grace anaanza kuwatembeza nyumbani akiwaelekeza utaratibu.

Na utaratibu wenyewe sasa. Watoto wana ugonjwa wa kutovumilia mwanga, mwanga wowote unaozidi wa taa ya mafuta unaweza kuwaua, kwahiyo mapazia yote yanakaa yamefungwa mchana kutwa, na hamna mlango unaofunguliwa kabla ule wa nyuma yako haujafungwa kwa ufunguo. Umeme hamna, simu hamna, redio hamna. (Magonjwa ya namna hiyo yapo kweli duniani, mfano ule unaoitwa xeroderma pigmentosum ambapo ngozi inashindwa kurekebisha madhara ya miale ya jua. Muvi imelivuta hilo mbali kuliko hospitali, ila mi sijali, muvi ikishaniambia sheria yake naikubali, ninachodai ni isije ikanigeuka baadae.)

Hebu tulieni hapa kidogo maana hapa ndo ujanja wote ulipo. Kwenye muvi karibu zote za mizimu tunajua mpangilio, usiku ndo hatari na asubuhi ndo salama, ukiona tu dirisha linaanza kuwa jeupe unashusha pumzi unajua leo wamepona. Dairekta Alejandro Amenábar amechukua hiyo raha akaitupa nje. Humu mchana ni adui. Usiku ni adui pia maana ndani kuna kitu kinatembea. Kwahiyo huna pa kukimbilia, huwezi kupiga kelele kwa wahusika "fungua dirisha, washa taa, toka nje ukimbie!" kama tunavyofanyaga, maana kufungua dirisha ni kuua watoto. Nyumba imekuwa jela na mlinda funguo ni mama mwenyewe. Alafu angalia hiyo sheria ya milango inavyofanya kazi bila we kujua: dakika ishirini tu za mwanzo kila mlango unaofungwa unausikia, funguo zinagongana, kufuli linazunguka, unazoea, mpaka inafika mahali ukiona mlango umeachwa wazi moyo unakwenda mbio. Mlango tu jamani! Hamna mtu, hamna sura, hamna mkono, mlango uko wazi na umeshaanza kutoka jasho. Muvi nyingine inahitaji pesa na kompyuta kukufikisha hapo.

Kipande cha piano ndo mfano mzuri. Usiku piano inasikika kwenye chumba ambacho kimefungwa na hamna mtu, Grace anachukua bunduki anaenda, akiingia kimya. Hamna mtu. Anaifunga piano kwa ufunguo, anatoka, anaanza kuuchunguza mlango kama mtu mwenye akili timamu anayetafuta sababu, labda upepo, labda bawaba, na hapo hapo mlango unampiga mweleka yupo chini, na akiingia tena piano iko wazi. Kwisha. Hatuonyeshwi chochote zaidi. Nilichokipenda ni kwamba Grace hakuwa mjinga, alifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya, alihakikisha. Hofu inakua pale mtu mwenye akili anapoishiwa maelezo. Mhusika akiwa mpumbavu toka dakika ya kwanza, anashuka peke yake gizani anaita "kuna mtu hapo?", mzimu ukimchukua we unaona sawa tu kajitakia.

Kuna tofauti kubwa kati ya kushtuka na kuogopa na naona watengenezaji wengi wameamua kwa makusudi kutuchanganya hapo. Sauti kubwa ya ghafla lazima ikushtue, ni mwili unajilinda wenyewe, macho yanafumba na mabega yanapanda kabla hata akili haijajua kilichotokea, hata mtoto mchanga anafanya hivyo, kwahiyo dairekta anayenyamazisha kila kitu sekunde tano alafu anagonga bwaaah! hajafanya kazi yoyote ya usanii, amebonyeza kitufe ambacho kila mtu anazaliwa nacho. Sisemi usitumie. Tumia mara moja mbili, ila ukinipigia bwaah mara thelathini kwenye muvi moja na nyingine ni paka tu karuka, mi nimeshaanza kuhesabu sekunde, nimeshakujua. Kuogopa ni kitu kingine, kunachelewa, kunaingia na kukaa, na kazi yake inafanyika dakika nyingi kabla ya tukio lenyewe. The Others wana vishtuo vichache sana na vyote vimelipiwa kabla.

Sheria niliyosema sio lazima iwe ya milango. Chukua Ringu ya Hideo Nakata ya 1998, Wajapani hao, sheria yao ni ya saa: ukiangalia ile kanda ya video una siku saba. Basi. Toka hapo kila tarehe inayoandikwa kwenye skrini inakukaba koo hata kama anachofanya mhusika ni kupekua magazeti ya zamani, na ndo maana muvi nzima inaweza kutembea polepole kama ya upelelezi na bado ukae umekunja miguu kwenye kiti. Na Sadako, yule mzimu wao mwenyewe, akija, uso umefunikwa na nywele, mwendo wake sio wa binadamu, walimrekodi mwigizaji akitembea kinyumenyume alafu wakairudisha picha mbele, kitu rahisi kabisa kisicho na gharama, ila jicho lako linajua kuna kitu hakiko sawa na halikuambii ni nini.

Na hilo ndo jambo la pili, mzimu unaonekana vizuri zaidi kwenye vitu vya kawaida kuliko kwenye sura yake. The Haunting ya Robert Wise ya 1963, nyeusi na nyeupe, mzimu hauonekani hata mara moja, kuna mlango tu wa mbao unavimba kuelekea ndani kama kuna kitu kikubwa kinausukuma na watu wanauangalia, basi. The Exorcist ya 1973 chumba cha yule mtoto aliyeingiwa na pepo kilipozwa kwa mashine za baridi kweli kweli ili pumzi za waigizaji zitoke kama moshi, na ukiziona zile pumzi huhitaji kuambiwa kwamba ndani humo kuna kitu. Paranormal Activity ya 2007 ilipigwa nyumbani kwa dairekta mwenyewe kwa kama dola 15,000, usiku kamera imesimama tu chumbani haitembei, saa inahesabu kwenye kona, wewe unaangalia watu wamelala, shuka linasogea, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Mlango, pumzi, shuka. Kila nyumba ina mlango na shuka, ndo maana vinakufuata mpaka kwako, wakati lile dude la kompyuta lenye meno mia linabaki kwenye skrini maana halina la kushika nyumbani kwako.

The Others wanalijua hilo. Humu kuna mapazia, kuna piano, kuna funguo, kuna albamu ya picha. Hiyo albamu ndo kidogo nilitaka kuiruka mara ya pili. Ni picha za watu waliokufa, wamevalishwa vizuri na kukalishwa kama wamelala, na sio kitu cha kubuni, karne ya 19 watu Ulaya na Marekani walikuwa wanawapiga picha marehemu wao kama kumbukumbu. Grace anaikuta, anauliza wamelala wote hawa? Bi Mills anamjibu taratibu tu bila kupandisha sauti, kama anaelezea jinsi ya kufua, na ile sauti yake ya upole inaogopesha kuliko picha zenyewe.

Kuna kipande kingine cha Anne amevaa gauni lake jeupe la komunio ya kwanza na shela, amekaa chini anacheza na kikaragosi chake, mama anamwangalia kwa nyuma. Sisemi kinachofuata. Ntasema tu kamera haina haraka, hamna muziki wa kukuambia jiandae, na dairekta anakupa muda wa kuona kitu wewe mwenyewe kabla Grace hajakubali kwamba amekiona. Huo muda ndo sanaa. Wengi wanaogopa kumpa mtazamaji muda, wanadhani atachoka, kumbe mtazamaji akipewa muda na kitu cha kukitilia shaka anajitisha mwenyewe bure.

Sasa Kidman. Nimeona watu wakisema anaigiza kwa ubaridi mno humu, mi naona wamekosea, ule ubaridi ni kazi. Grace ni mama aliyejikaza mpaka amekauka, kila kitu kwake ni nidhamu, watoto wanasomeshwa Biblia na katekisimu kila siku, wanafundishwa habari za motoni na limbo (pale wanaposemwa huenda watoto waliokufa bila kubatizwa), na wakikosea wanaadhibiwa kwa kusoma zaidi. Huyu mtu anaamini. Na hapa nawaambia kitu, muvi ya mizimu ambayo hakuna anayeamini chochote mara nyingi haina uzito, maana mzimu ukitokea unagonga ukuta mtupu. Kwa Grace mzimu ukitokea unagonga dini yake, unagonga umama wake, unagonga kila alichowaambia watoto kuhusu wafu wako wapi. Anne anapomwambia kuna mvulana anaitwa Victor ndani ya nyumba, mama haogopi tu, anakasirika, maana kitu hicho hakina nafasi kwenye kitabu chake. Na kuna "siku ile" ambayo Anne anaitaja taja na mama hataki isemwe. Mnaona? Kuna jeraha nyumbani kabla mzimu haujabisha hodi. Zile muvi za familia yenye furaha inayohamia nyumba mpya alafu inavamiwa na pepo asiye na uhusiano nao wowote zinanichosha kwasababu hiyo, pepo angeweza kwenda hata kwa jirani na stori isingebadilika.

Watoto wote wawili wako vizuri, hasa aliyeigiza Anne, Alakina Mann. Ana ule ubishi wa mtoto mkubwa anayejua kitu watu wazima wanakificha. Kawaida watoto kwenye hizi muvi ni wa kunong'ona tu na kuchora michoro ya ajabu, huyu anagombana na mama yake, anamtisha mdogo wake kwa makusudi, anadanganya, kwahiyo akisema ameona mtu hujui umwamini au la, na muvi inaishi kwenye hilo shaka kwa zaidi ya saa nzima.

Muziki ameutunga dairekta mwenyewe na cha kumsifu ni alivyojua kunyamaza. Vaa hedifoni kama unazo. Utasikia mbao juu, utasikia mtoto analia mahali usipojua ni ghorofa gani. Picha nazo, mpiga picha wake Javier Aguirresarobe, karibu muvi nzima taa ni ile aliyoshika mhusika, kaduara kadogo ka mwanga usoni alafu kingine chote cheusi, na wewe macho yako hayaangalii uso yanaangalia ule weusi pembeni. Ila onyo: kama skrini yako ni ya simu na umekaa juani hutaona kitu, utasema muvi mbaya, na kosa litakuwa sio lao.

Malalamiko yangu sasa, maana ile alama na nusu ilienda mahali. Katikati kuna sehemu ya mume, Christopher Eccleston, naelewa kwanini ipo na ukishajua mwisho inaeleweka zaidi, lakini mwendo unakufa pale. Tumekuwa tunabanwa vizuri ndani ya nyumba, ghafla tunatolewa nje kwenye ukungu, tunapewa huzuni ya ndoa, alafu tunarudishwa ndani tuanze kuogopa upya, na kuogopa sio bomba la kufungua na kufunga. Pili watumishi wana vile vikao vyao vya kunong'onezana pembeni, bado kidogo, muda wake utafika, na nyinginezo za namna hiyo, vipo vingi kuliko inavyotakiwa. Kimoja kingetosha, mtazamaji sio mtoto, ukimkonyeza mara nne anaanza kukisia, na kuna rafiki zangu walishaotea mwisho nusu saa kabla kwasababu ya hizo konyezo. Tatu, hii sio lawama sana, ni polepole. Saa moja na dakika arobaini na nne. Kama umezoea kila dakika tano kuna tukio utashika simu, na ukishika simu imekwisha, hii muvi haikusubiri.

Asubuhi ya mapazia lazima niitaje hata kama nakuharibia kidogo, aliyekereka aruke aya hii. Grace anaamshwa na makelele ya watoto, anakimbia, mapazia hayapo. Nyumba nzima. Jua limejaa kila chumba, kweupe, kuzuri kabisa, kipande chenye mwanga kuliko vyote kwenye muvi, na ni cha kutisha kuliko vyote, mama anajitupa juu ya watoto kuwafunika na mwili wake. Ukimuonyesha hicho kipande mtu ambaye hajaona muvi toka mwanzo atakuuliza wanalia nini, ni asubuhi tu. Wewe uliyekaa nao saa nzima umeshika kichwa. Hiyo ndo sheria ninayoisema, wamekufundisha kuogopa jua bila kutumia tone la damu.

Kwa wanaopenda habari za nyuma ya pazia: dairekta ni Mhispania, Jersey mnayoiona ni Hispania, jumba lenyewe liko Cantabria kaskazini ya nchi hiyo. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 17 na ikaingiza zaidi ya milioni 200. Ilibeba tuzo nane za Goya, zile tuzo kubwa za muvi za Hispania, ikiwemo ya muvi bora, ikawa ya kwanza kuchukua hiyo bila kuwa na neno hata moja la Kihispania ndani. Tom Cruise yumo kwenye orodha ya waliosimamia utengenezaji, kama ulikuwa hujui.

Nani aiangalie? Anayependa kukaa na wasiwasi. Anayeogopa damu lakini anataka kuogopa, hii ni yako kabisa. Anayetafuta pepo la kupigana nalo na mchungaji mwenye msalaba hapati hapa. Watoto wadogo hapana, hata kama hamna matusi wala damu, maana jambo lenyewe lililo chini ya hii stori ni zito na linahusu mama na watoto, mtoto mwenye akili atauliza maswali ambayo hutaki kuyajibu saa nne usiku.

Trela usiangalie, na usiende kusoma maoni ya watu kabla, kuna watu huko furaha yao ni kumwaga siri kwenye sentensi ya kwanza. Ukishaiona, iache wiki mbili tatu alafu irudie, na safari hiyo usimwangalie Grace kabisa, mwangalie Bi Mills kila mtu mwingine anapoongea. Fionnula Flanagan huyo. Karibu kila jibu analotoa toka siku ya kwanza mlangoni ni la kweli, na mara ya kwanza hukusikia.